"Ndugu Mpenzi" na Deni Chini Yake: Wafanyabiashara wa Ireland na Jamaa Zao wa Marekani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu wafanyabiashara wa Ireland na jamaa zao waliohamia Marekani, karne ya 18 na ya 19. Nilianza nikiwa na picha moja kichwani: masikini waliokimbia njaa ya viazi, kisha waliofanikiwa wakawavuta wenzao kwa upendo wa damu. Sasa nasoma barua zao zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na picha ile inabomoka. Mtu anamwandikia kaka yake 'ndugu mpenzi', anamuulizia hali ya mama, na aya inayofuata anamdai pauni zake pamoja na nyongeza inayofanana na riba. Msimamizi wangu anataka niamue kama hii ni tasnifu ya historia ya uchumi au ya historia ya familia. Je, undugu ule ulikuwa wa kweli, au ulikuwa vazi la biashara tu? Na nitaupimaje?"

Marahaba. Wasiwasi wako naufahamu, maana kila anayeingia kwenye barua hizi huupitia. Unahofu kwamba ukiyaamini mapenzi utaonekana mjinga, na ukiziamini hesabu peke yake utakuwa umewanyima watu wale utu wao. Jibu langu fupi: undugu ulikuwa wa kweli, na kwa sababu ulikuwa wa kweli ulifaa kuwa dhamana. Undugu wa uongo usingemkopesha mtu hata gunia moja la mbegu. Jibu refu linaanzia shambani, na huko nitakupeleka, lakini kwanza tuiondoe ile njaa njiani.

Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwaondosha nchini wengine zaidi ya milioni. Ukubwa wa msiba ule umefunika yote yaliyotangulia, kiasi kwamba hata vitabu vya shule humfanya kila Mwirishi wa Marekani kuwa mkimbizi wa viazi. Viazi vilipoanza kuoza, biashara baina ya Ireland na Marekani ilikuwa na umri wa zaidi ya karne nzima. Mwaka 1718 meli zenye watu wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, zilikwishatia nanga Boston. Mwaka 1729 James Logan, aliyekuwa katibu wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, alilalamika kwamba Ireland inaelekea kuwahamishia watu wake wote Pennsylvania. Wanaomnukuu husahau kwamba Logan mwenyewe alizaliwa Lurgan, Ireland. John Dunlap, mchapaji aliyepiga chapa nakala za kwanza za Azimio la Uhuru mwaka 1776, alitoka Strabane akiwa bado mtoto, akaenda kufundishwa kazi na ami yake aliyekuwa na mtambo wa chapa Philadelphia. Thomas FitzSimons, mmoja wa waliotia saini Katiba ya Marekani mwaka 1787, alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefukuzwa na ugonjwa wa viazi.

Tena usiwachanganye wote katika kapu moja. Wengi wa karne ya 18 walikuwa Wapresbiteri wa Ulster, yaani Waprotestanti. Walikuwepo waumini wa Quaker, dhehebu jingine la Kiprotestanti. Walikuwepo Wakatoliki wa Cork na Dublin ambao jamaa zao walishatawanyika Hispania na Ureno. Stephen Moylan wa Cork alifanya kazi ya meli Lisbon kabla ya kuhamia Philadelphia mwaka 1768, na kaka yake akaja kuwa askofu wa Kikatoliki wa Cork. Hata hivyo chama cha wafanyabiashara wa Kiirishi cha Philadelphia, Friendly Sons of St. Patrick, kilipoanzishwa 1771, Moylan ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza, ingawa wanachama wengi walikuwa Waprotestanti. Mezani walikaa pamoja. Kwenye ndoa na ubia, kila kundi kwa kawaida lilirudi kwa watu wake.

Sasa shambani. Nguo ya kitani ndiyo iliyokuwa uhai wa Ulster. Mkulima akitaka nyuzi laini zinazofaa kwa nguo nzuri, hung'oa mmea wa kitani kabla mbegu hazijakomaa. Anapata nyuzi nzuri, anakosa mbegu ya kupanda mwaka unaofuata. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, Ireland ilihitaji mbegu kutoka nje. Sehemu ilitoka nchi za Baltiki, na sehemu kubwa ikatoka kwa wakulima wa Pennsylvania, New York na Connecticut. Sheria ya 1705 ilikwisharuhusu kitani cha Ireland kupelekwa moja kwa moja kwenye makoloni ya Uingereza huko Marekani. Ile ya 1731 ikaruhusu mbegu na baadhi ya bidhaa nyingine za makoloni kuja Ireland bila kupitia kwanza bandari ya Uingereza. Uwekee alama mwaka huo wa 1731. Mengi unayoyaona kwenye barua zako yanatokana nao.

Mbegu zilivunwa, zikakusanywa msimu wa majani kupukutika, zikapakiwa mwishoni mwa mwaka, ili zifike bandari za Derry, Newry au Belfast kabla ya upanzi wa masika. Ukichelewa mwezi mmoja, umebeba chakula cha ng'ombe. Sasa meli imeshusha mbegu. Itarudi na nini? Jora za kitani zina thamani kubwa lakini huchukua nafasi ndogo, na tangu serikali ilipoanza kutoa ruzuku katika miaka ya 1740 kwa kitani kilichosafirishwa kupitia Uingereza, sehemu kubwa ya kitani ilipitia London. Ngama ya meli ilibaki tupu. Kilichoijaza ni watu: abiria waliolipa nauli, na watumishi wa mkataba waliolipiwa nauli kwa kuuza kazi yao ya miaka kadhaa, mara nyingi minne, kwa atakayewanunua upande wa pili. Mfanyabiashara wa Philadelphia aliyenunua mbegu kwa wakulima wa bara mara nyingi ndiye aliyepokea watu meli iliporudi. Katika magazeti ya Philadelphia ya wakati ule utakuta tangazo la duka moja linataja vitambaa vya Ireland, na humohumo watumishi "waliowasili sasa hivi".

Hapa ndipo dhana yako ya kwanza inapogeuka. Ulidhani watu walihama, kisha biashara ikawafuata. Kwa Ulster ya karne ya 18, mara nyingi biashara ndiyo iliyotangulia na kuifanya nauli iwe rahisi. Baadaye waliohama wakawa wateja wa kitani, wakulima wa mbegu, na wakopaji wa mfanyabiashara yuleyule aliyewasafirisha. Mtu mmoja aliweza kuwa shehena mwaka huu na mteja miaka sita mbele.

Kwa nini basi jamaa? Fikiria hali ya mtu aliye Belfast. Barua inachukua wiki sita hadi kumi kuvuka bahari, au zaidi upepo ukikataa. Bei ya mbegu ikibadilika New York atajua msimu umekwisha. Akiibiwa, mahakama ya Belfast haina mkono wa kumfikia mwizi. Mbegu za mwaka jana zikichanganywa na mpya, hakuna jicho litakaloona mpaka shamba likatae kuota. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye ndugu Guangzhou hahitaji kuelezwa zaidi.

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kumpandisha mtu wake melini asimamie mauzo. Ila huyo hukaa bandarini siku chache, huuza kwa haraka, na hajui nani mkweli. Ya pili, kumtumia wakala wa huko kwa kamisheni. Huyu anajua soko, lakini anawahudumia na washindani wako, na mzigo wako ukioza kamisheni yake haiozi. Ya tatu, kuwa na mbia anayeishi kule. Hiyo ndiyo bora, mradi umwamini. Kijana aliyekulia kanisani kwenu, ambaye baba yake bado anauza kitani mtaa wa pili na mama yake anakutana na mkeo kila Jumapili, ana mengi ya kupoteza akikudhulumu. Aibu ilivuka bahari mahali ambapo hati ya mahakama haikuvuka.

Lakini usidhani undugu ulitangulia biashara kila mara. Mwangalie Waddell Cunningham, kijana wa County Antrim aliyeingia ubia na Thomas Greg wa Belfast mwaka 1756, mmoja akikaa New York na mwingine Belfast. Walikuwa wabia kwanza. Nyumba yao ya biashara ikakua wakati wa Vita vya Miaka Saba, kwa sehemu kwa kufanya magendo na Wafaransa waliokuwa maadui wa mfalme wao. Mwaka 1763 Cunningham alimjeruhi kwa upanga mfanyabiashara mwenzake, Thomas Forsey, katika ugomvi wa mtaani. Baraza la raia lililoketi mahakamani (jury) likamwamuru alipe pauni 1,500, na rufaa yake ikawa kesi kubwa ya kisiasa kuhusu haki ya kuhukumiwa na baraza la raia. Mtu kama huyo unamfanyaje? Alirudi Ireland, na miaka hiyohiyo ya 1760 akamwoa Margaret Hyde, dada wa mke wa Greg. Ubia ulizaa ushemeji. Philadelphia mambo yalikwenda kinyume chake: FitzSimons alimwoa Catherine Meade mwaka 1761, halafu ndipo akafanya biashara na kaka wa mkewe, George Meade. Kwa hiyo ukikuta "kaka" kwenye barua, usikimbilie kuandika "ndugu wa damu". Huenda ni shemeji, na huenda ushemeji wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko mkataba.

Jambo lingine usilifumbie macho, maana mtahini hatalifumbia. Mtandao huu wa jamaa haukuishia kwenye mbegu na kitani. Nyama ya chumvi na siagi ya Cork zililisha visiwa vya miwa vya Karibi. Greg na Cunningham walikuwa na shamba la miwa Dominica lililoitwa Belfast, likilimwa na Waafrika watumwa. Kumbukumbu za mji wa Belfast zinasimulia kwamba katika miaka ya 1780 Cunningham alipendekeza ianzishwe kampuni ya meli za watumwa, na Thomas McCabe akawa mbele kuupinga mpango huo. Dhamana ya undugu ilifanya kazi bila kuuliza mzigo ni wa namna gani.

Kwa karne ya 19 mfano ninaoupenda ni Alexander Brown. Alizaliwa Ballymena mwaka 1764, akauza kitani Belfast, akahamia Baltimore mwaka 1800 na kuendelea kuuza kitani cha nyumbani. Kisha akawapanga wanawe kama mtu anayepanga bao. William alikwenda Liverpool, John akafungua Philadelphia mwaka 1818, James akafungua New York mwaka 1825, George akabaki Baltimore na baba. Pamba ilikwenda Liverpool, hawala, yaani hati za kuamuru malipo, zikaandikwa zilipwe na nyumba ya William, na polepole nguo ikaacha nafasi kwa pesa yenyewe, mpaka jina la Brown likawa jina la benki. Ukisoma hapo utasema: undugu umeshinda. Songa mbele hadi mtikisiko wa fedha wa 1837. Nyumba ya Liverpool ilibidi ikopeshwe na Bank of England isianguke, na kwa kuwa nyumba zote zilikuwa za ndugu wamoja, hofu ya moja ilikuwa hofu ya zote. Miaka michache baadaye John na George walikuwa wamejitoa kwenye ubia ule mkubwa. Mgeni akifilisika unapoteza mzigo. Ndugu akifilisika mnazama pamoja. Wafanyabiashara wenyewe walilijua hilo, na ndiyo maana walioendelea kwa muda mrefu waliwatumia jamaa kwa nafasi za siri na mikopo mirefu, na mawakala wasio jamaa kwa kazi ya kila siku.

Kuhusu wahamiaji wa kawaida, wale wasio na meli wala leja (daftari la hesabu), nao walikuwa ndani ya mtambo huohuo. Makamishna wa uhamiaji wa Uingereza walikadiria kwamba fedha zilizotumwa kutoka Amerika Kaskazini, pamoja na nauli zilizolipwa kabla, zilikuwa pauni 460,000 mwaka 1848, na kufikia 1854 zilikuwa pauni 1,730,000. Nauli zilizolipwa kabla ndizo zinazokuhusu zaidi. Kampuni za meli za Derry, kama J. & J. Cooke na William McCorkell, zilikuwa na wakala Philadelphia. Msichana anayefanya kazi za ndani huko alilipa nauli ya mdogo wake. Jina la mdogo na kitongoji chake vikaandikwa, vikavuka bahari, na kampuni ikamtafuta msichana wa pili mpaka shambani kwao. Biashara nzima ilisimama juu ya kujua nani ni dada wa nani.

Je, ilikuwa zawadi? Kwa sehemu. Mara nyingi pia lilikuwa deni linalozunguka: kaka anamleta dada, dada anatarajiwa amlete anayefuata. Na fedha zilizofika Ireland hazikukaa mikononi mwa mama. Nyingi zilimalizia kwa mwenye ardhi kama kodi, na kwa mwenye duka wa kijijini aliyekopesha unga kwa matarajio ya "barua ya Marekani". Mwenye duka huyo ni mfanyabiashara wa Ireland pia, na ningefurahi kumwona kwenye tasnifu yako, kwani wengi humruka.

Sasa ile nyongeza iliyokutia shaka. Kabla hujamshitaki kaka wa watu kwa riba, angalia ni pauni ya wapi. Karne ya 18 kulikuwa na pauni tatu ndani ya barua moja. Pauni 100 za Uingereza zilikuwa sawa na pauni 108, shilingi 6 na peni 8 za Ireland. Pauni 100 hizohizo, kwa fedha ya Pennsylvania ya miaka ya 1760 na 1770, zilikuwa kama 160 hadi 170, zikipanda na kushuka kulingana na wingi wa hawala za London sokoni. Mtu aliyetuma bidhaa za pauni 100 na kudai 165 huenda hakuongeza hata senti. Ukishaondoa tofauti hiyo, ndipo uangalie kinachobaki. Riba halali Pennsylvania ilikuwa asilimia 6, Uingereza asilimia 5. Kaka anayetoza kiwango cha sheria anatunza vitabu vyake. Asiyetoza kitu, au anayesubiri miaka minne bila kudai, huyo ndiye wa kumwekea alama.

Hicho ndicho kipimo ninachokushauri. Chukua leja moja, tenganisha jamaa na wasio jamaa, kisha linganisha walichopewa: muda wa kulipa, riba, kiasi cha mkopo bila dhamana, na hasa nini kilitokea aliyekopa aliposhindwa. Maneno matamu walipewa wote, yalikuwa adabu ya kalamu ya wakati ule. Muda wa kulipa haukutolewa kwa adabu. Halafu zitafute wosia: jamaa aliyesamehewa deni kwenye wosia anakuambia kitu ambacho barua haikusema. Kumbuka pia kwamba unachosoma mara nyingi ni daftari la nakala za barua alizotuma mtu mmoja; majibu hayamo. Na ugomvi huacha karatasi nyingi kuliko amani, kwa kuwa uliofika mahakamani ulihifadhiwa. Ukihesabu magomvi tu, utadhani wote walikuwa wanakabana koo.

Kuna mahali ambapo mtandao hautakutosha. Sehemu kubwa ya nyaraka za serikali ya Ireland iliungua Dublin mwaka 1922 jengo la Four Courts lilipolipuka, zikiwemo sensa nyingi za karne ya 19. Kwa hiyo usipoteze miezi ukitafuta kisichokuwepo. Mwandikie mtunza nyaraka wa hifadhi ya nyaraka za umma ya Ireland ya Kaskazini, Belfast, ambako makaratasi mengi ya wafanyabiashara yapo, au wa Historical Society of Pennsylvania, umweleze familia unayoifuatilia. Wao hujua kilichobaki kuliko orodha yoyote. Masjala ya hati za ardhi ya Dublin, iliyoanza 1708, ilinusurika, na humo mna mikataba ya ndoa. Ukiamua kuingia karne ya 19, vitabu vya Emigrant Industrial Savings Bank ya New York, iliyofunguliwa 1850, vinaandika alikozaliwa mteja, meli iliyomleta na majina ya wazazi na ndugu. Benki ilitaka tu kumtambua mwenye pesa. Kwa mtafiti, ni nadra kupata mahali pengine ambapo familia na fedha zimeandikwa kwenye mstari mmoja namna ile.

Na hesabu zile usizikokotoe peke yako. Chapisha kurasa mbili za leja na barua inayoandamana nazo, uende ana kwa ana kwa mwalimu wa historia ya uchumi chuoni kwako au kwa mhasibu mwenye subira, mkae mzipitie mstari kwa mstari. Saa moja ya namna hiyo itakuonyesha kosa ambalo lingekugharimu sura nzima.

Kwa msimamizi wako, usiende na jibu la "vyote viwili" bila mfupa, atakurudisha. Nenda na leja moja, familia moja na swali moja: jamaa walikopeshwa kwa masharti gani ambayo wengine hawakupewa? Hiyo ni historia ya uchumi kwa data na historia ya familia kwa swali, na idara yoyote itaipokea. Ila karne mbili ni nyingi mno kwa uzamili. Ningekuwa mimi ningeanzia 1731 na kuishia 1775, vita vya uhuru wa Marekani vilipoivuruga biashara ya mbegu, na Brown na tiketi za Derry ningewaachia shahada ya uzamivu.